P2004 na ndugu zake: usinunue manifoldi kabla hujauona mkono wake ukicheza

Wiki hii peke yake nimetumiwa picha tatu za kioo cha mashine ya kupimia gari, moja imetoka Masasi, moja Tandahimba na moja hapa hapa Ligula, Mtwara mjini, na zote zimekuja na swali lile lile, njomba hebu nichekie hii namba ya kosa, fundi kaniambia manifoldi imekufa niagize nyingine Dar, ni kweli? Wote watatu nimewajibu hivi: hela usitume bado, fungua boneti kwanza, kuna mkono mdogo tunautafuta, tukishaona unafanya nini ndo tutajua kama hela inatoka au haitoki. Nimeona nikae niandike yote kwa utulivu maana kwenye simu huwa naeleza nusu afu mtu anaishia katikati na gari imefunguliwa.

Kwanza chenyewe ni kitu gani. Pale injini inapovutia hewa kuna manifoldi ya kuingizia, ya plastiki au ya aluminiamu, imegawanyika matawi, kila silinda na tawi lake. Kwenye injini nyingi za kuanzia miaka ya 2000 wameweka vipepeo ndani ya yale matawi, visahani vyembamba vinavyofanana na kile cha kwenye throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), vyote vimefungwa kwenye shafti moja na shafti inatokeza nje inashikwa na mkono. Injini ikizunguka taratibu vipepeo vinabana njia ili hewa ipite kwa kasi na iingie inazunguka, petroli ichanganyike vizuri. Ni kama unaosha gari ukabana mdomo wa mpira kwa dole gumba, maji ni yale yale ila yanaruka mbali. Ukikanyaga mafuta mzunguko ukapanda, kwenye gari nyingi kuanzia 3000 na kitu mpaka 4000 ivi, injini inataka hewa nyingi kwaiyo vipepeo vinafunguka vyote. Kuna aina nyingine haibani, inabadilisha urefu wa njia, njia ndefu mzunguko ukiwa mdogo na njia fupi ukiwa mkubwa. Majina ndo yanachanganya watu, Ford wanaita IMRC, Subaru wanaita TGV, Mazda wana VTCS na VIS, Toyota wana ACIS, lakini ukiangalia kwa macho wote wana mkono, wana kitu cha kuusukuma, na wana waya za kwenda kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini.

Kitu cha kuusukuma kiko cha aina mbili na lazima ujue ya kwako ni ipi kabla hujashika spana. Ya kwanza ni kopo la vakyumu, kikopo cha duara ukubwa wa kizibo cha dumu au zaidi kidogo, kina kipini kinatoka mbele na mpira mwembamba unaingia nyuma, ule mpira unatoka kwenye solenoidi (valvu ndogo ya umeme), na solenoidi inachukua mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi yenyewe. Ya pili ni mota ya umeme, boksi dogo la plastiki lenye soketi ya pini tano au sita ivi, hakuna mpira hapo. Kwenye aina zote mbili mara nyingi kuna sensa inayoiambia kontroli boksi vipepeo viko wapi, na ndio hiyo inayowasha taa ikiona kilichoagizwa na kilichofanyika havilingani.

Sasa namba. P2004 maana yake vipepeo vimeganda vikiwa wazi, upande wa kwanza wa injini, yaani upande ulio na silinda namba moja. P2005 ni kosa hilo hilo upande wa pili kwa injini zenye pande mbili kama za V6 au Subaru. P2006 na P2007 ni vimeganda vikiwa vimefunga. P2008 inasema waya wa kuendesha solenoidi au mota umekatika au hauna mawasiliano, P2009 umeme wake uko chini, P2010 uko juu. Afu kuna kundi la P2014 mpaka P2018, hizi zinalalamikia sensa ya kuonyesha vipepeo vilipo. Ford na baadhi ya Mazda za zamani wana P1518 kuganda wazi na P1519 kuganda vimefunga. Angalia vizuri hapa, P2008 haina uhusiano na masizi yanayogandisha vipepeo hata kidogo, ni waya, na P2014 mara nyingi ni sensa au soketi, lakini nimeona watu wanafungua manifoldi nzima wanaosha wakati namba iliyoandikwa inasema waya. Inaniuma sana hiyo, kwa sababu kufungua manifoldi iliyokuwa haina shida ndo mwanzo wa gasketi kuvuja na vipini vya plastiki kuvunjika.

Kama gari yako ni ya Japani ya kabla ya 2006 ivi usishangae kile kidude cha bluetooth cha bei ndogo kikikataa kuongea nayo, nyingi ya gari zilizotengenezwa kwa soko la kwao kule hazifuati mfumo ule wote, tafuta fundi mwenye mashine kubwa. Ukipata namba usifute, nasema tena usifute. Piga picha. Afu ingia ile sehemu inayoonyesha hali ya gari wakati kosa linatokea, mzunguko ulikuwa ngapi, joto la injini ngapi, spidi ngapi, piga picha nayo. Ukifuta kabla hujapiga, umetupa ushahidi, na kosa la kuja na kupotea linaweza likachukua wiki nzima kurudi.

Dalili nazo zinaongea. Vipepeo vikiganda wazi shida iko chini: asubuhi injini ya baridi inatetemeka kwenye sailensa (yaani inawaka tu bila kukanyaga mafuta), ukiondoka kwenye tuta gari inakuwa nzito kama imebeba saruji, mafuta yanaenda zaidi, lakini ukishakuwa barabarani spidi 80 wala huoni kitu. Vikiganda vimefunga ni kinyume, mjini gari safi kabisa, ila ukitoka ukaanza kupanda kwenda juu Newala mshale unafika 3000 na kitu unagoma, unakanyaga mpaka chini injini inaguna tu, malori ya korosho yanakupita. Hiyo ya pili ndo watu wengi wanaambiwa ni giaboksi au pampu ya mafuta, wanabadilisha pampu, wanabadilisha plagi, gari ile ile. Na kuna dalili ya tatu ambayo usiichukulie poa, sauti ya kugongagonga kama kokoto kwenye kopo, inasikika upande wa manifoldi injini ikiwa sailensa na inapotea ukikanyaga. Hiyo ni shafti imelegea kwenye bushi zake au kipepeo kimelegea, na nitaieleza mbele kwa nini hiyo gari isiendelee kutembea.

Haya tuje kwenye mkono. Fanya asubuhi injini ikiwa imelala baridi, kwa sababu kuna gari, Subaru na baadhi ya Mazda zikiwemo, ambazo vipepeo vinafunga wakati injini ni ya baridi tu, ikishapata joto vinabaki wazi na wewe utakaa hapo unachungulia mpaka mchana ukidhani vimekufa. Tafuta kopo au mota, fuata kipini chake mpaka kwenye mkono wa shafti. Mi huwa natumia ile rangi nyeupe ya kufutia maandishi ya kalamu, tipeksi, naweka nukta moja kwenye mkono na nukta nyingine kwenye manifoldi pembeni yake, zikitazamana, kwa sababu mkono unacheza sentimita moja au mbili tu na kwenye kivuli cha boneti jicho linadanganya. Mwambie mtu akae ndani. Injini imezimwa, angalia nukta. Awashe, angalia tena. Apandishe taratibu mpaka 4000, ashikilie sekunde tatu, aachie. Kati ya hizo hatua lazima kuna mahali nukta zinaachana na mahali zinarudi. Gari nyingine haitaki kuchezesha ikiwa imesimama bila mzigo, hapo mashine kubwa inasaidia, ina sehemu ya kuamrisha solenoidi au mota yenyewe fungua, funga, fungua, na wewe unaangalia mkono.

Ukiona mkono unacheza vizuri wote kwenda na kurudi na taa bado inawaka, basi manifoldi yako kuna uwezekano mkubwa ni nzima, kosa liko kwenye sensa au waya zake. Au mkono unacheza lakini kiungio cha plastiki kati ya kipini na shafti kimevunjika au kimelika, nje kunacheza ndani kumelala. Zima gari, shika shafti yenyewe, sio kipini, izungushe kwa vidole uhisi kama vinaenda pamoja.

Mkono usipocheza kabisa, na gari ni ya kopo la vakyumu, usikimbilie kopo. Anza na mpira. Hapa nieleze kilichotokea kwa mama mmoja wa Chikongola anayepeleka vitenge kwenye minada, gari yake ndogo ya sisi 2000, taa imewaka, asubuhi inatetemeka, namba P2004 na P0171 ambayo inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Alishapimiwa sehemu, akaambiwa manifoldi nzima, na alikuwa amepanga hela yake ya upatu ya mwezi ule iende huko. Alikuja kwangu kuuliza tu nauli ya mzigo kutoka Dar. Nikamwambia dada hebu ingiza gari hapa chini ya mwembe dakika kumi. Mpira wa kutoka solenoidi kwenda kwenye kopo kwa juu ulikuwa mweusi mzuri unang'aa, mtu aliyepita na tochi asingeona kitu. Nikaukunja pale unapoingia kwenye kopo, na ulivyokunjika ukafunguka mipasuko mitatu minne, mikavu, kama kisigino cha mtu anayelima peku. Injini ilikuwa inawaka, nikaubana mpasuko kwa vidole, mkono ukavutika palepale, nukta zikahama, na mtetemo ukapungua hata yeye akausikia akiwa amesimama nje. Mpira wa vakyumu nusu mita, hela ya soda chache. Nilikata mpira mpya, nikafuta namba mbele yake, na kwa wiki zilizofuata nilikuwa namuuliza kila akipita, taa haikurudi.

Ndo maana P2004 ikija pamoja na P0171 mi akili yangu yote inaenda kwenye mipira kwanza. Mashine yako ikionyesha marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kontroli boksi inaongeza au kupunguza, angalia hapo, kawaida yanacheza karibu na sifuri, juu au chini asilimia 5, mpaka 10 unaweza ukavumilia. Ukiona kwenye sailensa yako juu asilimia 15 mpaka 25 afu ukipandisha mpaka 2500 yanashuka karibu na sifuri, kuna hewa inaingia kwa mlango wa wizi, na mpira uliopasuka ni mlango wa wizi. Watu wengi wanapulizia petroli au kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) kwenye manifoldi ya moto kutafuta panapovuta. Inafanya kazi, na inachoma gari pia. Tumia maji yenye sabuni kwenye chupa ya kupulizia, kidogo kidogo kwenye maungio, yakivutwa utasikia sailensa inabadilika na ule mlio wa kufyonza unakatika kidogo. Elekeza pole pole, usilowanishe soketi.

Mpira ukiwa mzima pima nguvu ya mvuto. Ukiwa na geji ya vakyumu, injini nzima ya petroli kwenye sailensa hapa pwani inatoa inchi 17 mpaka 21 za zebaki. Ukipanda inashuka, kwenye kila mita 300 unapoteza kama inchi moja, kwaiyo fundi aliye juu Newala akipata namba ndogo kuliko ya mwenzake wa Mtwara mjini asianze kulaumu ringi za pistoni. Gari za dizeli ni habari nyingine, manifoldi yake haina mvuto wa kutosha, vakyumu inatoka kwenye pampu ndogo iliyoko nyuma ya alteneta au kwenye kichwa cha injini.

Kopo lenyewe linapimwa kirahisi sana hata kama huna pampu ya mkono. Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano kubwa, lile la mililita 60 lisilo na sindano, unganisha na kipande cha mpira kwenye mdomo wa kopo na uvute. Mkono unatakiwa uje mpaka mwisho, na ukiendelea kushikilia bomba vile vile kwa dakika nzima mkono ubaki pale pale. Ukija afu ukaanza kurudi pole pole wenyewe, mpira wa ndani wa kopo umetoboka. Usipokuja kabisa ila bomba linakaza kuvuta, kopo ni zima, shafti ndo imeganda, na hapo sasa ndo masizi yanaingia kwenye mazungumzo. Bomba likivuta kirahisi hewa tupu, kopo limekufa. Kuna gari kopo linauzwa peke yake, kwaiyo uliza hivo dukani kabla ya kuuliza manifoldi.

Solenoidi: ichomoe soketi, weka multimita kwenye omu, nyingi zinasoma kati ya 20 na 40 ila hakikisha na kitabu cha gari yako. Ikisoma kama waya umekatika imekufa, ikisoma karibu na sifuri imejichoma ndani. Afu washa swichi bila kuwasha injini, pima kwenye soketi, waya mmoja unatakiwa uwe na umeme wa betri, volti 12, na ule mwingine ndo kontroli boksi inaupeleka chini (upande wa hasi) ikitaka kuvuta. Usiwe na haraka ya kuunganisha ule waya wa pili moja kwa moja na betri, umeme ukirudi kwenye kontroli boksi umejitengenezea kosa kubwa kuliko ulilokuja nalo. Ukitaka kuisikia solenoidi ikilia tiki itoe kabisa, ipe umeme pembeni kwa waya zake mbili, puliza kwa mdomo, hewa ipite na ikatike. Na kichujio chake kidogo kikiwepo kiangalie. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho gari zinazoingia mashambani zinakuja zimejaa unga wa njano, nimefungua eakilina (kichujio cha hewa) moja mwezi wa sita ilikuwa kama imepakwa manjano ya pilau, na unga huo unapita mpaka kwenye vichujio vidogo vya solenoidi vinavyovuta hewa ya nje.

Za mota ya umeme nazo zina utaratibu wake. Onyo kabla ya yote, usiingize kidole kwenye njia ya mkono au kipepeo swichi ikiwa imewashwa, ile mota ina nguvu na haijui kama hicho ni kidole. Kwenye soketi utakuta waya mbili za mota na waya tatu za sensa, au zaidi kidogo kutegemea gari. Za sensa moja ina volti 5, moja ni chini, ya tatu ndo inayoongea, inatakiwa ipande taratibu bila kuruka, mara nyingi kutoka karibu na nusu volti mpaka karibu 4.5, wakati vipepeo vinatoka mwisho mmoja kwenda mwingine. Zungusha shafti kwa mkono soketi ya mota ikiwa imechomolewa kama kwenye gari yako iko tofauti na ya sensa, au amrisha na mashine, na uangalie namba. Ikiruka ghafla katikati ikawa sifuri afu ikarudi, sensa imelika pale pale. Kuna injini za Volkswagen za 2.0 zinajulikana kwa P2015, mkono unavuka kituo chake kwa sababu plastiki ya kuuzuia imelika, na sensa inaripoti sehemu ambayo haipo kwenye ramani. Hapo kuna kipande cha chuma kinauzwa cha kurudisha kituo, dawa ya muda inayosaidia wengi, ila shafti ikiwa imelegea haitoshi.

Kuhusu waya, huku kwetu kuna adui wawili. Chumvi, kwa gari zinazolala Shangani karibu na maji, fungua soketi uangalie kutu ya kijani kwenye pini, kijani kidogo tu kinatosha kuleta P2008 inayokuja asubuhi yenye umande na kupotea mchana. Safisha na dawa ya kusafishia umeme na mswaki, kausha, kaza pini zilizofunguka. Na panya. Panya wanapenda juu ya manifoldi kwa sababu pana joto, na msimu wa korosho wanabeba humo humo, nimewahi kuinua kifuniko cha injini nikakuta maganda ya korosho yamejaa pale juu na pembeni yake waya mmoja wa solenoidi umetafunwa umebaki shaba tupu. Kwaiyo tikisa waya zote huku injini inaunguruma na mtu anaangalia namba kwenye mashine, ikibadilika ulipogusa, umefika.

Haya, umepima kote, kopo linavuta ila shafti haiendi, au inaenda nusu. Manifoldi inatoka. Masizi haya yanatokana na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye manifoldi na moshi wa EGR (mfumo unaorudisha moshi wa injini ndani), vinakutana vinakuwa lami, na kwenye injini za petroli zinazochoma mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, zile za D4 na wenzake, hakuna petroli inayopita kwenye matawi kuyaosha, kwaiyo yanajaa mapema. Kabla hujalegeza boliti moja piga picha kila mpira unapoingia. Manifoldi ikitoka tu, matundu ya injini yazibe na vitambaa safi, vikubwa, ambavyo huwezi kuvisahau, nati ikidondoka mle kichwa kinafunguliwa.

Afu hesabu skrubu. Kipepeo kimoja kina skrubu mbili kwa kawaida, vipepeo vinne ni skrubu nane, zihesabu kwa kidole moja moja. Ikikosekana hata moja usiwashe hiyo injini mpaka uipate. Hizi skrubu kwenye injini kadhaa zinajulikana kulegea na kumezwa, Nissan QR25 ni mojawapo, na BMW za dizeli za zamani zilikuwa zinameza vipepeo vyenyewe, na kipande cha chuma kikifika juu ya pistoni basi tena. Sumaku ya fimbo inasaidia kuitafuta, ila kama ni ya shaba sumaku haikamati, itabidi utumie kamera ndogo au uvute na mpira wa mashine ya kufyonza. Hii ndo ile sauti ya kokoto niliyosema, ukiisikia paki gari.

Kuosha, manifoldi ya aluminiamu inaweza kulala kwenye mafuta ya taa au dizeli usiku mzima ukishatoa kopo, mota na sensa, afu brashi laini. Ya plastiki tumia dawa ya kusafishia throto na brashi ya nailoni, usikwangue na bisibisi, na usiitumbukize kwenye petroli, pete za mpira zinavimba. Usipulizie dawa moja kwa moja kwenye bushi za shafti ikayeyusha grisi yake yote. Ukimaliza zungusha shafti kwa vidole viwili, iende laini mwanzo hadi mwisho na irudi, afu itikise juu chini kwenye ncha zote mbili. Ikichezacheza kwenye bushi, hapo sasa nakubali manifoldi inunuliwe, kuosha hakurudishi bushi. Skrubu zilizolegea zitoe moja moja, safisha, weka gundi ya boliti, rudisha. Gasketi mpya, sio ile ya zamani na silikoni juu yake, silikoni ikimwagika ndani inaenda kwenye valvu. Boliti anza za katikati kwenda nje, kwa raundi mbili tatu, na kipimo cha kukaza kitoke kwenye kitabu cha gari, plastiki haisamehi.

Najua swali linalofuata, kwa nini tusitoe vipepeo kabisa tuzibe tumalize. Kuna fundi wengi wanafanya na gari inatembea. Mi sikushauri kwa gari ya petroli unayoitumia kila siku, utapoteza nguvu ya chini, ndiyo hiyo hiyo ya kutoka kwenye mchanga na kuondoka na abiria, taa itabaki inawaka kwa sababu sensa haioni mwendo, na taa ikishakuwa inawaka siku zote, siku kosa lingine kubwa likija hutalijua. Ila kama vipepeo vimeshalegea na hela ya manifoldi haipo mwezi huu, hapo kuvitoa ni bora kuliko kuvimeza, nimewafanyia watu hivo na nimewaambia wazi kitakachopungua.

Ukirudisha kila kitu futa namba, washa, acha sailensa ikae dakika kadhaa bila kugusa mafuta ijipange. Afu toka barabarani. Mi huwa naenda Mikindani na kurudi, mjini taratibu kwanza, afu kwenye mwinuko nashikilia gia ya chini mpaka mshale unapita 4000, mara mbili tatu, na mwishoni nasimama nasoma mashine kama kuna namba inayosubiri hata kama taa haijawaka. Baridi ya kesho asubuhi pima tena, kwa sababu kosa la kuganda wazi linajionyesha injini ikiwa baridi.

Na kama baada ya yote haya imeonekana kweli unaagiza manifoldi ya mtumba Dar, usitume jina la gari tu. Gari mbili za mwaka mmoja na injini moja zinaweza kuja na soketi tofauti. Piga picha namba iliyogandamizwa kwenye manifoldi, piga soketi kwa mbele ili pini zihesabike, piga upande lilipo kopo au mota, na mwambie anayekununulia, kabla hajalipa, aushike mkono auzungushe mwisho hadi mwisho, aitikise shafti na ahesabu skrubu zote akiwa kwenye video na wewe, maana kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 500 na mzigo ukishapakiwa kwenye basi ni shida kuurudisha.